Nitampelekea furaha gani, na mimi mwenyewe sina?

Shangazi, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Nimeisoma safu yako muda mrefu bila kufikiri kwamba siku moja nitaandika mimi. Naandika usiku, nyumba imelala, maana mchana sipati hata nafasi ya kukaa.

Niseme mapema kwamba sina msiba. Sina mgonjwa ndani, mume wangu ni mtu mwema, watoto wanasoma, riziki inapatikana. Ndiyo maana naona hata aibu kulalamika. Lakini Krismasi inakaribia na moyoni mwangu hamna kitu. Ningekuwa na huzuni ningejua la kuiambia. Hapa pako patupu tu.

Kwetu sikukuu hufanyika nyumbani kwangu. Ndugu wa mume, ndugu zangu, watoto wao, wote huja. Mimi ndiye ninayepika, ninayepanga nani alale wapi, ninayekumbuka zawadi ya kila mtoto. Kanisani niko kwenye kwaya, na mwaka huu nimekabidhiwa tena igizo la watoto kwa sababu mwaka jana lilikwenda vizuri. Jioni ya Krismasi iliyopita nilikuwa jikoni naosha vyombo, mikono imejaa povu, wageni sebuleni wakaanzisha wimbo wa kuzaliwa kwa Bwana ambao nimeupenda tangu utotoni. Nikausikia mpaka beti la mwisho kama mtu anayesikia redio ya jirani. Nikamaliza vyombo, nikaenda kulala.

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Rafiki yangu wa kwaya, tunayekaa naye bega kwa bega kwenye sauti ya pili, alifiwa na mumewe katikati ya mwaka. Alijitahidi kuja kanisani. Jumapili moja akashindwa kujizuia, akalia ibada ikiendelea. Mama mmoja akamshika bega akamwambia, "Furaha ya Bwana ni nguvu zako, mwenzetu. Acha kulia, unampa shetani ushindi." Naamini alisema kwa nia nzuri. Lakini tangu siku ile rafiki yangu hajarudi. Kitabu chake cha nyimbo alikiacha kitini, nikakichukua, na mpaka leo kiko kwenye mkoba wangu. Kila nikitaka kumpelekea najiuliza nitasema nini. Nikimtakia Krismasi njema ataona namdhihaki. Na nitampelekea furaha gani, na mimi mwenyewe sina?

Mchungaji ametangaza kwamba neno letu mwaka huu ni "furaha kuu kwa watu wote", na kila mmoja amfikie mtu. Niliposikia nikainamisha kichwa. Shangazi, je, mimi naigiza? Mkristo asiye na furaha siku ya Krismasi ana kasoro gani? Na huyu rafiki yangu nimfanyie nini?

Mwanao,
Mama wa Sauti ya Pili

*

Marahaba, mwanangu. Amina, asifiwe milele.

Nimeisoma barua yako, nikairudia. Umeuliza juu ya nafsi yako kwanza, na rafiki yako ukamweka mwisho. Mimi nitaanza na yeye, maana mstari uliomfukuza kanisani ndio huo huo utakaokujibu wewe.

Ni Nehemia 8:10. Wengi tunakijua kile kipande chake cha mwisho kwa sababu kinachapwa kwenye kalenda na kadi, na kimekuwa kitu cha kumrushia yeyote mwenye macho mekundu. Namna kilivyotumika kwa rafiki yako imeniuma. Fungua sura nzima uisome. Watu wamerudi kutoka uhamishoni Babeli. Wamekusanyika Yerusalemu, uwanjani mbele ya Lango la Maji, na Ezra anawasomea Torati tangu mapambazuko hata adhuhuri. Wanasikia maneno ya Mungu, wanaona walivyokwenda kombo, wanaanza kulia. Hapo ndipo wanaambiwa wasihuzunike. Machozi yale yalikuwa ya watu waliochomwa na dhamiri, na jibu walilopewa ni kwamba siku hii ni takatifu, na nguvu zao ziko katika furaha ya Bwana. Pale uwanjani hakusimama mjane akaambiwa kwamba kumlilia mumewe ni kumpa shetani ushindi. Yesu mwenyewe alipokuwa akielekea kwenye kaburi la Lazaro alijua anakwenda kumfufua, na bado alilia. Na Warumi 12:15 imetuamuru tufurahi pamoja nao wafurahio, na tulie pamoja nao waliao. Mwenye kuitii nusu ya kwanza peke yake hajautii mstari.

Sasa soma yale yanayotangulia katika aya hiyo hiyo ya Nehemia, yale yasiyochapwa kwenye kadi: "Enendeni zenu, mle kilichonona, mkanywe kilicho tamu, tena mpelekeeni sehemu yeye asiyewekewa kitu." Furaha ya Bwana inatajwa baada ya hapo. Hawakuambiwa wachangamshe nyuso. Waliambiwa wale, na wapeleke sehemu. Kuna mtu mahali fulani ambaye hakuna aliyemwekea kitu, na sikukuu ya watu wote wale haikuhesabiwa kuwa imekamilika mpaka sehemu yake imfikie.

Nikiisoma barua yako naona watu wawili wasiowekewa kitu. Rafiki yako ni mmoja. Wa pili ni wewe. Nyumba inajaa, kila mtoto ana zawadi iliyokumbukwa kwa jina lake, kila mgeni ana mahali pa kulala, na wewe uko jikoni na povu mikononi wakati wimbo unaoupenda kuliko yote unaimbwa chumba cha pili. Nani amekuwekea wewe?

Umeuliza kama unaigiza. Hapana, mwanangu. Unachanganya vitu viwili ambavyo Luka anavitenganisha vizuri sana, basi twende naye taratibu. Wachungaji wako makondeni, wako zamu ya usiku, wanalinda kundi. Malaika anatokea, nao wanaingiwa na hofu kuu. Katika hofu ile ile, kabla hata hawajatulia, wanaambiwa habari njema ya furaha kuu itakayokuwa kwa watu wote. Hakuna aliyewauliza wanajisikiaje. Furaha ilifika kwao kama habari, kama taarifa ya jambo lililokwisha kutokea mjini: leo amezaliwa kwa ajili yenu Mwokozi. Hiyo ni aya ya 10 na ya 11. Kisha wanasemezana, "Haya, na twendeni mpaka Bethlehemu." Wanakwenda kwa haraka. Wanamkuta mtoto amelala horini. Wanawaeleza watu walichoambiwa. Kule kumtukuza Mungu na kumsifu kwao wenyewe tunakukuta aya ya 20, wakati wanarudi kwenye kundi lao. Kati ya habari na sifa kuna safari nzima ya usiku, kuna mtu wa kumwona, na kuna watu wa kuwaambia.

Wewe uko kati ya aya hizo mbili. Habari unaijua na unaiamini, tena unawafundisha watoto waiigize. Kwamba moyo haujaruka bado hakuifanyi habari iwe ya uongo, wala hakukufanyi wewe kuwa mnafiki. Unafiki ungekuwa kujifanya umejaa. Wewe umeniandikia usiku ukasema uko mtupu.

Tena mwangalie Mariamu usiku ule. Miezi kadhaa nyuma, nyumbani kwa Elisabeti, alikuwa ameimba wimbo mrefu wa sifa. Usiku wa kuzaliwa kwenyewe Luka hatuambii kwamba aliimba. Amejifungua safarini, mahali pasipo nafasi, mtoto yuko kwenye hori la ng'ombe, na wageni wasiotarajiwa wameingia na habari zao. Anachoandikiwa ni kwamba aliyaweka maneno hayo yote, akiyafikiri moyoni mwake. Kanisa lote la karne zote halijamwita mtu asiye na furaha. Ukiwa umechoka mwaka huu, yaweke maneno moyoni kama yeye na uache hisia zije kwa wakati wake.

Lakini uchovu wako nao tusiupake rangi ya kiroho tukaupita. Nabii Eliya alipofika mwisho wa nguvu zake, akalala chini ya mretemu akiomba afe, malaika hakumhubiria. Alimgusa akamwambia, "Inuka, ule." Akala, akalala tena, akaamshwa mara ya pili akala tena, na safari ikaanza baadaye. Mungu alishughulika na mwili wa mtumishi wake kabla ya kumwambia neno. Kwa hiyo mwili wako una haki ya kuangaliwa.

Sijui mumeo anajua kiasi gani cha haya, maana umesema tu kwamba ni mwema. Watu wema wengi hawajui, kwa sababu kazi inayofanyika kimya haionekani. Mketishe, umwambie kama ulivyoniambia mimi, na habari ya vyombo na ule wimbo umwambie pia. Kisha kubalianeni kitu kimoja kikubwa mtakachokiondoa mwaka huu, siyo vidogo vitano. Huenda wageni wale nyumbani kwako lakini walale kwa ndugu wengine. Huenda kila familia ije na chungu chake kilichokwisha kupikwa. Huenda wifi mmoja achukue zawadi za watoto zote. Na vyombo vya jioni ile vibaki kwenye karo mpaka asubuhi, au vioshwe na waliokula, wewe ukiwa sebuleni umeketi na kitabu cha nyimbo.

Ukiogopa kwamba utaiharibu Krismasi, kumbuka jambo hili. Injili hazitaji tarehe ya kuzaliwa kwa Bwana, na kumbukumbu ya zamani zaidi inayojulikana ya kuiadhimisha tarehe 25 Desemba inatoka Rumi, mwaka 336. Vizazi na vizazi vya Wakristo waliishi, wakafurahi katika Bwana, wakafa mashahidi, bila meza ile tunayodhani sikukuu haiwezi kusimama bila hiyo. Naipenda sana sikukuu yetu na meza zake. Nasema tu kwamba ukipunguza mezani, Krismasi haitapungua.

Na niulize swali moja ambalo barua haikugusa. Huu utupu uko kwenye sikukuu tu, au umeenea kila mahali? Kama usingizi umekupotea hata siku usizokuwa na kazi, kama chakula hakina ladha, kama hata watoto wako hawakufurahishi tena na hali hii inaendelea wiki baada ya wiki, nenda ukamwone daktari umweleze waziwazi. Sonona ni ugonjwa na una matibabu. Kwenda hospitali si kupungukiwa imani, na mtu akikuambia vinginevyo usimsikilize.

Sasa rafiki yako.

Nenda wiki hii. Usingoje tarehe 25, kwa maana siku hiyo utakuwa na watu nawe utamtembelea kwa haraka ukiwa na sufuria moja mawazoni. Nenda peke yako, bila kikundi cha akina mama, bila ratiba ya nyimbo na maombi. Mpelekee kitabu chake, hicho kinakutosha kuwa sababu ya kubisha hodi. Mpelekee na sehemu, ile ya Nehemia, chakula halisi ulichokipika, cha kumtosha yeye na walio naye.

Krismasi njema usianze nayo. Mtaje mumewe kwa jina. Watu wengi wanaogopa kulitaja jina la marehemu wakidhani watamkumbusha mjane msiba wake, lakini hakuna saa aliyousahau. Anachokiogopa ni kwamba wengine wamemsahau mtu wake. Mwambie unachokikumbuka juu ya mumewe, jambo dogo la kweli, namna alivyokuwa akicheka au alivyokuwa akimsubiri nje mazoezi ya kwaya yakiisha. Kisha nyamaza umwache aseme. Akilia, kaa hapo hapo. Usitafute mstari. Usimwambie Mungu ana makusudi yake, wala kwamba marehemu yuko mahali pazuri zaidi, hata kama unaamini hivyo kwa moyo wote. Siku itafika atakaposema hayo mwenyewe, nayo yatakuwa na uzito kuliko yakitoka kwako.

Na usimwambie "ukihitaji kitu nijulishe". Mfiwa hana nguvu ya kupanga orodha ya mahitaji yake. Mpe jambo moja lililo tayari. Kwa mfano mwambie: "Ibada ya Krismasi nitakupitia. Siimbi kwaya siku hiyo, tutakaa wawili kiti cha nyuma karibu na mlango, ukizidiwa tunatoka wote." Mwimbishaji wako atanung'unika kidogo, na kwaya itaimba. Akikataa, mwambie ni sawa, na umaanishe. Umwalike nyumbani kwako vilevile, ukimpa ruhusa ya kukataa, ya kuja akachelewa, ya kuondoka mapema. Suala la kurudi kwenye kwaya usiliguse kabisa.

Akikuuliza, "Na wewe hujambo? Krismasi vipi kwenu?" usimdanganye. Mwambie nawe umekauka mwaka huu. Nadhani atapumua. Mjane huchoka kuwa yeye peke yake mwenye upungufu kati ya watu waliokamilika.

Ipo nafasi yake pia katika hadithi hii ya Krismasi, na siku moja, si lazima siku ya kwanza, mnaweza kuisoma pamoja. Mathayo, sura ya 2, baada tu ya nyota na mamajusi, anaweka kilio cha akina mama wa Bethlehemu, Raheli akiwalilia watoto wake asitake kufarijiwa. Mwandishi wa Injili hakuona kwamba machozi yanaichafua habari njema. Makanisa mengi ya Magharibi huwakumbuka watoto wale tarehe 28 Desemba, siku ya tatu tu baada ya sikukuu yenyewe. Na Luka anatuletea Ana binti Fanueli, aliyekaa na mume miaka 7 tu na kuishi mjane mpaka uzeeni. Mama yule alimwona mtoto hekaluni, akamshukuru Mungu, akawapa habari zake wote waliokuwa wakiutarajia ukombozi katika Yerusalemu. Mjane ndiye aliyepewa kazi ya kuieneza habari. Nalitaja hili kwa sababu tunazoea kumwona mfiwa kama mtu wa kupelekewa tu. Rafiki yako naye ana cha kukupa, na usishangae ukitoka kwake siku moja ukiwa umepokea zaidi ya ulichopeleka. Hilo silitoi kama ahadi, wala usiende kwa ajili hiyo. Nenda kwa sababu hajawekewa kitu.

Wachukue watoto wako katika jambo hili. Wakati wa kufunga ile sehemu ya rafiki yako, wao ndio wafunge, na safari ya pili uende nao. Mtoto akikumbuka Krismasi moja ambayo mama yake aliketi naye njiani akamweleza tunakwenda kwa nani na kwa nini, atakuwa amefundishwa kuliko kwa igizo zima.

Yule mama aliyesema maneno yale kanisani usigombane naye. Mwite pembeni, umwambie kwa upole kwamba mwenzetu hajarudi tangu siku ile, na umwombe naye aende kumwona, akae tu. Akiwa na nia nzuri kama unavyoamini, atakwenda. Mchungaji naye mwambie kwamba kiti kile kiko wazi. Inawezekana kabisa hajui, na ndiye aliyetangaza neno la mwaka huu.

Kwa makanisa mengi Krismasi ni siku 12, mpaka Epifania, sikukuu ya kudhihirishwa kwa Bwana, tarehe 6 Januari, na mimi nazipenda zile siku za nyuma ambazo watu wamekwisha kuondoka. Januari ndipo nyumba ya mfiwa hunyamaza kuliko wakati wowote, salamu zimekwisha, kila mtu amerudi kazini. Weka siku moja ya wiki hizo iwe yake tangu sasa, uiandike kwenye kalenda kabla wageni hawajafika. Na kesho, kabla ya mazoezi ya watoto, mwambie mchungaji akupatie mtu wa kushika nawe igizo, atakayelimaliza hata usipokuwepo.

Krismasi njema, mwanangu. Msalimie mumeo na watoto.

Shangazi